Mtindi, togwa au vidonge vya probiotiki: kipi kinafaa tumbo lipi

Wiki iliyopita jioni dirishani kwetu (nafanya kazi duka la dawa huku Mwanza, mwaka wa saba sasa) alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni, mkononi ana cheti cha amoxicillin ya maji, na shoga yake keshamwambia achukue na "zile dawa za bakteria wazuri" maana huyo mtoto akinywaga antibiotiki anaharisha mpaka macho yanaingia ndani. Nikamwekea mezani boksi la kapsuli za hao bakteria, probiotiki ndo jina lake, shilingi 38,000. Akaliangalia boksi, akaangalia kikapu chake ambamo kulikuwa na mtindi wa nusu lita, akaniuliza, "Dada, si vitu vilevile tu? Huu nao si una bakteria?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa pale dirishani, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu nilimjibu kwa sentensi tatu tu, nikarudi nyumbani roho haijaridhika. Basi jibu lote hili hapa, kitu kimoja kimoja, ili siku ukisimama mbele ya dirisha la dawa au mbele ya friji la duka ujue unachukua nini na kwa sababu gani.

Ukishawameza hao bakteria wanaenda wapi?

Naanzia hapa maana ukielewa hapa mengine yananyooka yenyewe. Uwe umemeza kijiko cha mtindi au kapsuli ya bei mbaya, kituo cha kwanza ni kwenye asidi ya tumbo, pH 1.5 mpaka 3.5 hivi (pH ikishuka ndo ukali wa asidi unazidi), na bakteria wengi wanafia hapohapo. Waliovuka wanakutana na nyongo kwenye utumbo mwembamba, nyongo inawayeyusha ngozi ya nje kama sabuni inavyokata mafuta ya sufuria. Waliobaki ndo wanafika utumbo mpana, na huko nako hawakuti pa kukaa, kwa sababu makadirio ya mwaka 2016 yanasema mwili wa mtu mzima una bakteria kama trilioni 38 na karibu wote wanaishi huko utumbo mpana. Kapsuli yako ikiwa na bilioni 10, na hata tukisema wote wamefika salama, bado kila mgeni mmoja anakuta wenyeji 3,800.

Kwa hiyo ile picha ya kwamba unapanda mbegu, zinaota, zinakaa maisha, itoe kichwani. Wengi hawakai. Ukiacha kumeza, baada ya siku chache au wiki mbili hivi ukipima choo huwaoni tena. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hawa ni wageni wa aina hiyo kabisa, wanapita tu lakini wakiwa njiani wanalima. Wanatoa asidi ya laktiki ambayo vimelea vingi vya kuharisha haviipendi. Wanagombania chakula na nafasi kwenye ule ute unaofunika ukuta wa utumbo. Wengine wanatoa visumu vidogo vya kuua bakteria wanaokaribiana nao, wengine wanaziamsha seli za ukuta zibanane vizuri ili uchafu wa utumboni usipenye kwenda kwenye damu, na hata askari wa kinga waliojipanga nyuma ya ukuta wanapata habari kwamba kuna kitu kinapita. Halafu kuna hili ambalo mimi nalipenda kuliko yote: asidi wanayoitoa inaliwa na bakteria wenyeji, wenyeji nao wanatengeneza kitu kinaitwa butireti, na butireti ndo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Yaani mgeni analisha wenyeji, wenyeji wanailisha nyumba.

Na si kila mwili unawapokea sawa. Mwaka 2018 watafiti wa Weizmann Institute kule Israel hawakuishia kupima choo, waliingiza kamera mpaka ndani ya utumbo wa watu waliokuwa wanameza probiotiki, wakakuta wengine bakteria wameshika ukutani kabisa na wengine wamepitiliza tu kama maji ya mferejini. Ndo maana jirani yako anaapa kapsuli fulani imemponya na wewe umemaliza boksi zima hujaona kitu, na hakuna kati yenu anayesema uongo.

Jambo la mwisho kabla ya kulinganisha. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walikubaliana probiotiki ni nini, na kuna masharti matatu: wawe hai, wawe wa kutosha, na iwe imeonekana wanamfaidia anayewameza. Vitu vingi sokoni vina sharti la kwanza tu. Vingine hata hilo hawana.

Mtindi wa nyumbani na yogati ya dukani

Mtindi wa kienyeji, wengine mnaita maziwa mgando, Kenya ni maziwa lala au mala, na kwa Wakalenjin kuna mursik ya kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa, hivi vyote vinagandishwa na bakteria waliomo kwenye chombo, kwenye maziwa yenyewe, mikononi mwa anayekamua. Kila nyumba ina wa kwake. Mtindi wa Tarime na mtindi wa kwenu Kondoa vinaweza kuwa na wakazi tofauti kabisa, ndo maana hata ladha hailingani. Uzuri wake ni asidi, ni protini, ni kalsiamu, ni bei. Ubaya wake, kwa mtu anayetafuta tiba ya shida fulani, ni kwamba hujui umemeza nani na wangapi.

Na kuna ubaya mwingine ambao nausemea kwa nguvu kwa sababu nauona kwenye vyeti vya wagonjwa: kugandisha siyo kupika. Maziwa mabichi yakiwa na bruselosi au kifua kikuu cha ng'ombe, usiamini kwamba ule uchachu umewaua hao wadudu. Chemsha kwanza. Mi nyumbani nachemsha lita mbili, naacha yapoe mpaka kidole kinavumilia kukaa ndani bila kuchomoka, nachanganya vijiko viwili vya mtindi wa jana, nafunika na kitenge naweka kona ya jiko ambapo upepo haufiki. Asubuhi ukiitikisa sufuria maziwa yanatikisika kwa pamoja, hayamwagiki, na pembeni kuna maji ya rangi ya njano inayoelekea kijani yamejitenga. Yale maji usiyamwage, koroga urudishie, yana vitu.

Yogati yenyewe ni nyingine. Hii inatengenezwa kwa bakteria wawili maalumu, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, wanaopenda joto la nyuzi 42 au 43. Huyo wa kwanza alitambuliwa mwaka 1905 na kijana wa Kibulgaria, Stamen Grigorov, akiwa anasoma Geneva, na baadaye kidogo Elie Metchnikoff wa Institut Pasteur ya Paris, yule aliyepata Nobel mwaka 1908, akaamini kwamba hao bakteria wakihamia utumboni watu wataishi miaka mingi kama wazee wa vijijini Bulgaria. Baadaye ikaonekana hawahamii. Wanakufa njiani.

Lakini hapa ndo pana utamu, maana kufa kwao kuna faida. Ndani ya miili yao wamebeba laktezi, kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na nyongo ikiwapasua kwenye utumbo mwembamba laktezi inamwagika palepale inapohitajika. Watu wazima wengi sana Afrika, hasa ambao babu zao hawakuwa wafugaji, laktezi yao ilishapungua tangu utotoni, ndo maana mtu akinywa glasi ya maziwa fresh tumbo linaunguruma, linajaa gesi, anakimbilia chooni. Mtu huyohuyo akinywa yogati anakaa salama. Hili si la kubahatisha, hata mamlaka ya chakula ya Ulaya ambayo imekataa karibu madai yote ya probiotiki yanayoandikwa kwenye vifungashio, hili moja ililikubali mwaka 2010, kwa sharti kwamba kila gramu iwe na bakteria hai milioni 100 au zaidi.

Kwa hiyo shida yako ikiwa ni maziwa kukusumbua, ulinganisho umeishia hapo. Chukua yogati, kapsuli huihitaji. Angalia tu isiwe ile iliyopashwa moto baada ya kugandishwa ili ikae rafuni miezi bila friji, hiyo bakteria wake wameshakufa, na vimeng'enya navyo haviupendi moto. Na zile za kunywa zenye rangi ya waridi na sukari mpaka meno yanauma, mi nazihesabu na soda.

Yogati yenye probiotiki ya ukweli, na hii tunayo

Watu wengi hawajui kwamba Mwanza ina historia yake kwenye hili. Mwaka 2004 kikundi cha akina mama kinachoitwa Tukwamuane walianza kutengeneza yogati hapa mjini wakishirikiana na watafiti wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo kikuu cha Western cha Kanada, wakaiita Fiti, na ndani yake waliweka streini (yaani tawi moja mahususi la bakteria) iliyochunguzwa, Lactobacillus rhamnosus GR-1, na lengo lao hasa lilikuwa watu waliodhoofika pamoja na wanaoishi na VVU. Baadaye wakaja Waholanzi wa Yoba, hao walifanya kitu cha akili: kuna streini maarufu kuliko zote duniani inaitwa GG, ilipatikana mwaka 1983 kwenye utumbo wa mtu mzima mwenye afya huko Boston, walioipata ni Sherwood Gorbach na Barry Goldin, na patenti yake ilipoisha hao Yoba wakaichukua wakaifunga kwenye vipakiti vya bei ndogo kwa wasindikaji wadogo wa Uganda, Kenya na Tanzania.

Huyu GG nimpe mistari miwili kwa sababu anaonyesha streini ina maana gani. Mwili wake una vinyweleo vyembamba kama ndoano, vinanasa kwenye ute wa utumbo, kwa hiyo anachelewa kutoka kuliko wenzake. Ndugu zake wengi wa jina hilohilo Lactobacillus rhamnosus hawana hizo ndoano. Jina la ukoo halitoshi, lazima uangalie herufi na namba za mwisho, ni sawa na kumtafuta mtu Kariakoo kwa jina la Juma. Kama karibu na kwako kuna msindikaji anayetumia hiyo, kwangu hiyo inashinda: unapata streini inayojulikana kwa bei ya yogati.

Togwa

Hii inadharauliwa na inaniuma. Uji wa mahindi au mtama unapikwa, unapoa, unatiwa kimea cha ulezi, unaachwa usiku mpaka kesho. Kimea kinaufanya uji uwe mwepesi bila kuongeza maji, kwa hiyo mtoto mdogo anakunywa chakula kingi zaidi kwa kikombe kilekile, na bakteria wa laktiki wanauchachusha mpaka pH chini ya 4. Miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Sweden waliwapa watoto wadogo togwa na wengine uji wa kawaida, kisha wakapima vyoo vyao, na waliokunywa togwa walikutwa na vimelea vya kuharisha kwa uchache zaidi. Uji umelala bila friji, kwenye joto, na bado ni salama kuliko ule wa kawaida uliolala, hicho ni kitu kikubwa sana kwa nyumba isiyo na umeme.

Ukilinganisha na mtindi, togwa haina laktosi kabisa, na bei yake ni nusu au chini ya hapo. Tahadhari zake ni mbili tu: ikikaa siku mbili tatu inaanza kuwa na kilevi, basi usimpe mtoto ya juzi, na mahindi yenye ukungu usitegemee uchachu utaondoa ile sumu.

Vidonge, sasheti na ampuli

Hapa ndo hela inapotea. Pale dukani kwetu vipo vya ukoo wa aina tatu na watu wanavichukulia kama kitu kimoja.

Kundi la kwanza ni kapsuli za laktobasili na bifidobakteria. Hawa ni hai lakini wamekaushwa, na adui yao mkubwa ni joto na unyevu. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, bilioni ngapi, jiulize ni ya siku ilipotengenezwa au ya siku ya ekspaya, maana kati ya siku hizo mbili wanaweza kufa wengi mno. Niliwahi kuingia duka moja la dawa mji mwingine, sitalitaja, nikaona maboksi ya aina inayotakiwa kukaa kwenye baridi yamepangwa dirishani yanapigwa jua la saa nane, na mteja mbele yangu akalipa hela yote akaondoka nayo. Nilitoka mle nimeumia kwa kweli. Ulizia lilikuwa limehifadhiwa wapi, na kama kwenye maandishi imeandikwa friji na wao wamelitoa rafuni, liache. Kingine ni kwamba hawa ni bakteria na antibiotiki inaua bakteria, kwa hiyo ukivitumia pamoja achanisha masaa mawili au zaidi.

Kundi la pili ni Saccharomyces boulardii, na huyu siyo bakteria kabisa, ni hamira. Ukichana sasheti ukanusa utaijua, ni harufu ileile ya maandazi kabla hayajaumuka. Alipatikana miaka ya 1920 na Mfaransa Henri Boulard huko Indochina, aliona wenyeji wakati wa kipindupindu wanakunywa chai ya maganda ya matunda ya lychee na mangosteen na wanapata nafuu, akatenga hiyo hamira. Tabia yake ndo inamfanya awe wa tofauti: kwanza antibiotiki haimgusi, meza vyote wakati mmoja ukitaka. Pili joto la mwili nyuzi 37 ndo raha yake, wakati hamira nyingi zinapenda chini ya hapo. Tatu anatoa kimeng'enya kinachokatakata sumu ya Clostridioides difficile, yule bakteria anayeleta kuharisha kubaya baada ya antibiotiki. Akiwa amekaushwa vizuri hahitaji friji, na kwa umeme wetu hiyo ni faida kubwa. Kinachomuua ni dawa za fangasi kama fluconazole, na uji wa moto, watu wanamchanganya kwenye uji unaofuka moshi halafu wanalalamika hafanyi kazi.

La tatu ni Bacillus clausii, zile ampuli ndogo za maji ya kunywa, mililita 5 ndani yake spora bilioni 2. Italia wanaitumia tangu 1958. Spora ni kama mbegu iliyojifungia ndani ya gamba, asidi haiiwezi, joto haliiwezi, na zile streini nne zilizomo zinavumilia antibiotiki nyingi. Kwa kusafiri nayo hakuna inayoifikia. Ila ushahidi wake ni mwembamba kuliko wa GG na boulardii, na mi huwa namwambia mteja hivyo kabla hajalipa.

Sasa chagua kwa shida uliyonayo

Kuharisha kwa sababu ya antibiotiki, hapa ndo vidonge vinapostahili hela yake. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 33 za watoto 6,352: waliopewa probiotiki pamoja na antibiotiki walioharisha ni 8 katika kila 100, wasiopewa ni 19. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Yenye kufaa ni GG au boulardii, kwa mtoto kuanzia bilioni 5 kwa siku, na uanze siku ileile antibiotiki inapoanza, ukisubiri mpaka aanze kuharisha umechelewa. Mtindi hapa ni chakula kizuri cha mgonjwa lakini siwezi kukuahidi kwamba utafanya kazi hiyo.

Ila sikia na upande wa pili. Walewale wa Weizmann, mwaka huohuo 2018, waliwapa watu antibiotiki kisha wengine wakawapa probiotiki ya streini 11 na wengine wakawaacha hivihivi, na waliopewa probiotiki bakteria wao wa asili walichelewa kurudi, tena kwa miezi. Mgeni alikaa kiti cha mwenyeji. Kwa hiyo ushauri wangu ni tumia kipindi cha dozi na siku chache mbele, basi, usiendelee mpaka boksi la tatu eti unajenga tumbo.

Kuharisha kwa ghafla, kwa chakula au maji machafu: ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) kwanza, ORS pili, na mtoto apewe zinki miligramu 20 kwa siku 10 mpaka 14, chini ya miezi sita miligramu 10. Probiotiki hapa imegombaniwa sana. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kubwa, ya Marekani ilikuwa na watoto 971 na ya Kanada watoto 886, zote hazikuona tofauti kati ya probiotiki na unga mtupu. Madaktari wa watoto wa Ulaya bado wanakubali GG au boulardii kwa mashaka mashaka. Mi nikiona mama ana shilingi 10,000 tu mkononi, hiyo yote ni ya ORS na zinki, na zikibaki chache anunue ndizi. Mtoto anakufa kwa kuishiwa maji, hafi kwa kukosa kapsuli.

Vidonda vya tumbo, swali hili naulizwa kila siku ya Mungu. Probiotiki peke yake haimuui H. pylori, yule bakteria anayeleta vidonda hivyo, usimwache mtu akudanganye uache dozi. Kinachosaidia ni kwamba ile dozi ya antibiotiki mbili na omeprazole inasumbua tumbo, inaleta kichefuchefu na kuharisha, na boulardii ikiwa pembeni inapunguza hayo ili uweze kuimaliza, na kuimaliza ndo kupona.

Tumbo la gesi la miaka, linakuja linaondoka, mara choo kigumu mara laini, umepimwa hawaoni kitu. Hapa sina jibu la moja kwa moja la kukupa, hata chama cha madaktari wa tumbo wa Marekani mwaka 2020 walikataa kupendekeza. Ukitaka kujaribu, chukua aina moja, wiki nne, andika kwenye daftari unavyojisikia, ukiona hamna mabadiliko acha. Usibadilishe kila wiki. Choo kigumu tu? Maji, papai, maharage, tembea. Hapo sikuuzii kitu.

Na ambaye haumwi

Wapo wengi wanakuja wazima kabisa wanataka "kuimarisha utumbo". Hao nawaambia habari ya Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya choo chao, wakakuta wana bakteria wa aina nyingi kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao, lakini bifidobakteria, huyo anayeuzwa kwenye kila boksi kama bakteria mzuri, kwa watu wazima wa Hadza karibu hayupo kabisa. Na wako na afya zao. Wanachokula ni mizizi, ubuyu, asali, matunda pori, nyama. Nyuzinyuzi ndo zinalisha wenyeji, na wenyeji ukiwalisha wanafanya kazi ambayo wageni hawawezi. Huko Kwale pwani ya Kenya kuna utafiti wa watoto wachanga waliokuwa wanapewa unga wa lishe wenye madini ya chuma, chuma kikawa kinawapa nguvu bakteria wabaya utumboni, lakini walipoongeza kwenye unga huo aina ya sukari ambayo mtoto haisagi bali bakteria wazuri wanaila, madhara yakapungua. Hawakuleta bakteria hata mmoja, walileta chakula chao.

Kwa hiyo mzima kula maharage, choroko, mchicha, ndizi mbichi za kuchemsha, viazi vilivyolala vikapoa, kunywa na mtindi wako au togwa, na zile 38,000 nunua hivyo vyote mwezi mzima.

Wasiotakiwa kugusa hivi vitu bila daktari

Hili silisemi kwa mzaha. Hawa ni viumbe hai na wakipenya kwenye damu ya mtu ambaye kinga imeanguka wanakuwa ugonjwa. Mtoto njiti: mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto njiti kufariki kutokana na bakteria wa probiotiki aliyopewa hospitali. Mgonjwa wa ICU, mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, anayepata dawa za saratani, VVU ambayo CD4 imeshuka sana, hao boulardii wasimeze hovyo, na hata sasheti usiichane karibu na kitanda chao maana ule unga unaruka na kushika mikono.

Yule mama, kwa kuwa mtoto ana mwaka na nusu na hana tatizo jingine, boksi nililirudisha rafuni. Tulimpa sasheti za boulardii kwa kuhesabu, moja kwa siku, siku 7 za amoxicillin na tatu za ziada, akaambiwa achanganye kwenye maji ya kawaida au uji uliopoa, na akiona choo cha maji kinazidi mara tatu kwa siku aanze ORS palepale asisubiri asubuhi. Akaninyooshea kikapu, "Na huu mtindi sasa?" Nikamwuliza aliyemuuzia anachemshaga maziwa kabla ya kugandisha, akasema huyo mama anamjua, anachemsha. Basi, nikamwambia, huo mnywe na ugali jioni, wewe na mtoto.